Fundi Magodoro Aliyesajiliwa Ngurumo

Kitendawili! Semeni tega, msinitolee macho.

Ana maua shingoni, ana ngoma mbele yake, ana picha ukutani kubwa kuliko nyumba aliyozaliwa, na mfukoni ana leso ya kupengea tu. Nani huyo?

Bwana harusi? Sogea hapo, hujapata. Mheshimiwa? Mheshimiwa mfukoni anacho, na huenda ni chako wewe. Haya, mmeshindwa, nipeni mji. Mnanipa Nderemo? Nderemo yote, na vichochoro vyake? Basi nimekwenda, nimefika, nimekula, nimeshiba, na jibu nimelikuta hukohuko: ni mchezaji wa mpira. Kaeni vizuri sasa niwape habari zake.

Nderemo ni nchi iliyojaaliwa. Wimbo wake wa taifa una beti nyingi, na kila ubeti una mdhamini wake: wa kwanza watu wa sabuni, wa pili watu wa soda, na wa tatu hauimbwi mpaka apatikane wa kuulipia. Fedha yao inaitwa shangwe. Shuleni madawati ni haba, kwa hiyo watoto husimama, na serikali ikasema kusimama kunajenga misuli ya mapaja, taifa lipate mabeki. Na kweli, kitu ambacho Nderemo hawakikosi ni mpira. Wana klabu mbili, Ngurumo na Tufani, watani wa jadi. Mtu wa kule akizaliwa huulizwa kwanza ni wa klabu gani, ndipo huulizwa ni mtoto wa nani.

Klabu ya Ngurumo ilikuwa na makocha saba. Mmoja alifundisha, na sita walikwisha kufukuzwa lakini wakaendelea kulipwa fidia kila mwezi kwa mujibu wa mikataba yao. Wale sita walinenepa. Yule anayefundisha alikuwa akiswali sunna aombe naye afukuzwe. Klabu ilikuwa na basi pia, mpaka siku ilipoamua kulipaka rangi mpya yenye picha ya ngurumo inayounguruma. Rangi ikatoka ghali, ikabidi basi liuzwe ili rangi ilipwe.

Halafu kulikuwa na Kamati ya Ufundi. Kazi za kamati hii hazisemwi mchana. Fundi wake mkuu alitaka mbuzi mweusi asiye na doa, akanunuliwa kwa bei ya ng'ombe watatu, na siku ya mechi Ngurumo wakaingia uwanjani kwa kuruka ukuta, kinyumenyume, kwa kuwa ilisemekana Tufani wamefukia kitu mlangoni. Tufani nao wakaruka ukuta wa upande wa pili, kwa hofu ileile. Mlango mkubwa wa uwanja, uliojengwa kwa mkopo, ulikuwa ukipitiwa na paka tu. Chama cha mpira kikawatoza faini wote wawili, na Ngurumo wakaiandika faini ile kwenye bajeti chini ya kifungu cha usafiri.

Sasa wachezaji wenyewe nao wangelipwa nini? Mwezi mmoja walipewa koti la traksuti. Mwezi wa pili wakapewa suruali yake. Mwezi wa tatu mwenyekiti akawaambia, "Vijana, mmeshapendeza, mnataka nini tena?"

Mtu wetu ni Mwalami. Yeye hakuwa wa Nderemo, alikuwa fundi wa magodoro ya sufi katika nchi ya jirani: mrefu, mabega mapana, goti moja bovu, na umri ule ambao mtu akiinama kuokota kitu huangalia kwanza kama kuna kingine cha kuokota hukohuko. Alikuwa na dada mmoja tu, Mwanamkasi, ambaye yeye ndiye aliyemlea tangu wazazi wao walipofariki. Alimsuka nywele mwenyewe, kwa vidole vilivyozoea sindano ya magodoro, na mtoto alikuwa akienda shule na machozi lakini na mistari iliyonyooka. Mwanamkasi alipokua akaenda Nderemo kufundisha chekechea, na huko akapata mchumba, Ramia, golikipa wa Ngurumo.

Harusi ilikuwa Jumamosi baada ya adhuhuri, na Mwalami ndiye walii wa kumwozesha. Dada mtu alimpelekea salamu mapema: "Kaka, umenilea peke yako na utaniozesha mwenyewe. Nisipokuona mlangoni, chumbani sitoki, hata waje na tingatinga."

Basi Alhamisi Mwalami akapanda ndege, mara yake ya kwanza, na mito miwili ya sufi kwapani, zawadi ya maharusi. Kwa heshima ya shemeji yake akavaa zawadi aliyopelekewa na Ramia. Zawadi gani? Lile koti la traksuti la Ngurumo na suruali yake. Golikipa asiyelipwa atamtumia shemeji yake nini kingine, wajukuu zangu?

Ramia ndiye angempokea. Lakini hakuwa na nauli, akaja uwanja wa ndege kwa miguu, akachelewa. Mwalami akasimama nje ya mlango, mrefu, mabega yale, traksuti ile, akiangaza huku na huku kama mtu anayesubiriwa.

Na kweli kulikuwa na anayesubiriwa. Ngurumo walikuwa wametangaza kwamba siku hiyo anatua mshambuliaji hatari kutoka ng'ambo, na mashabiki walikuwa wameujaza uwanja wa ndege tangu alfajiri kwa matarumbeta na vuvuzela. Mshambuliaji mwenyewe alikuwa kwao, amekaa juu ya begi lake. Fedha ya tiketi yake klabu ilikuwa imeitumia kununua maua ya kumpokelea.

"Huyo!" mtu akapiga kelele. "Huyo hapo!"

Mwalami alijikuta hewani. Maua shingoni, mikono mgongoni, kipaza sauti puani. Aliyekishika kipaza sauti alikuwa msemaji wa klabu, Athumani Tarumbeta, mtu ambaye Mungu alimpa mapafu ya watu wanne na haya ya mtu nusu.

"Wananderemo!" akanguruma. "Mnyama ameshuka! Mheshimiwa, waambie neno!"

"Jamani," Mwalami akasema, "mimi ni fundi magodoro."

"Mmesikiaaa? Fundi magodoro! Maana yake mabeki wote wa Tufani atawalaza chali!"

"Nimekuja kwenye harusi."

"Anasema mechi ya watani kwake ni harusi! Na tazameni, amekuja na mito yake mwenyewe! Mchezaji wa viwango halalii mto wa hoteli!"

Kumbe watu wa Tufani nao walikuwapo, wamejificha nyuma ya vigari vya mizigo. Kule Nderemo kumwiba mchezaji wa mtani uwanja wa ndege si wizi, ni usajili. Wakatoka mbio, wakamkamata Mwalami mkono wa kushoto, Ngurumo wakamng'ang'ania wa kulia, na katika mvutano ule mto mmoja ukapasuka. Sufi ikaruka angani, ikaelea juu ya vichwa vya watu, nyeupe, taratibu, ikawaingia puani na midomoni. Watu wakaidaka huku wanalia kwa furaha. Jioni yake donge moja la sufi ya mshambuliaji lilikuwa likiuzwa sokoni kwa bei ya kuku.

Ngurumo walishinda mvutano. Mwalami akaingizwa katika gari la vioo vyeusi, simu yake ikachukuliwa kwa ajili ya usalama wa usajili, akapelekwa hoteli yenye chemchemi inayoruka ukumbini na kufungiwa ghorofa ya juu kabisa, na mabaunsa wawili mlangoni wasimruhusu mtu wa Tufani kuingia wala yeye kutoka.

Akaja daktari wa klabu kumpima.

"Goti hili limepinda," daktari akasema.

"Limepinda upande gani?" akauliza mwenyekiti, aliyesimama nyuma yake.

"Upande wa... wa kulia, mheshimiwa."

"Upande wa goli. Andika mzima."

Mwenyekiti huyu aliitwa Daktari wa Heshima Shomvi Kilindo. Udaktari alipewa na chuo alichokijengea vyoo. Alikaa kitandani kando ya Mwalami, akamwekea mkataba mapajani, akampapasa bega.

"Weka saini hapa, mwanangu. Milioni mia za shangwe."

"Mheshimiwa, sitaki. Mimi nimekuja kumwozesha dada yangu."

Shomvi akamgeukia mhazini. "Amekataa mia. Andika mia na hamsini."

"Sitaki hata shangwe moja! Nataka kwenda kwa dada yangu!"

"Mia mbili. Huyu si mtoto."

"Wallahi mimi si mchezaji!"

"Mia tatu!" Shomvi akafuta jasho. "Mhazini, tunaweza?"

Mhazini alikuwa mtu mwaminifu, kila tarakimu ikiongezeka alikunywa maji ya sukari. "Mheshimiwa, tunaweza tukiuza mapato ya viingilio vya mwaka kesho."

"Vya mwaka kesho si tuliuza mwaka jana?"

"Basi vya mwaka wa keshokutwa."

"Uza!"

Redio ikawa inatangaza kila hapana ya Mwalami kama bao. Mwenyekiti wa Tufani, Mbaraka Ubwa, tajiri wa saruji, akapiga simu redioni kusema yeye anatoa mara mbili ya Ngurumo, na wala hana haja ya kumwona mtu akicheza, kwa kuwa mchezaji anayekataa fedha kiasi kile lazima awe anajua kitu. Waziri wa Michezo na Mambo Yanayofanana na Michezo naye akahutubia taifa. Akasema, "Nchi inayoweza kumlipa mtu mmoja kiasi hiki, nani atasema kwamba ni maskini?" Watu wakapiga makofi wakiwa kwenye foleni ya maji.

Mwalami akaletewa kamba wakubwa kama viganja, akaletewa keki yenye sura yake, akakaa dirishani akiitazama Nderemo kule chini. Kati ya yale mapaa, chini ya paa moja Mwanamkasi yumo, na kesho yake ni Jumamosi. Kamba wakapoa sahanini.

Ijumaa alasiri mlango ukafunguliwa. Klabu ilikuwa imeagiza mchezaji mmoja aje kumkaribisha mgeni, apigwe naye picha wakicheka, na aliyeletwa alikuwa Ramia.

"Shemeji!" akasema Ramia, mikono ikamdondoka.

"Ramia! Ulikuwa wapi, mwanaume wewe, watu wananisajili!"

"Nilichelewa, shemeji. Nilikuja kwa miguu." Ramia akakaa sakafuni, mtu mwenye mikono mirefu ya kudakia mipira na hajui aiweke wapi. "Nimeshawaambia. Nimekwenda kwa mwenyekiti mwenyewe, nikamwambia, mheshimiwa, yule si mshambuliaji, yule ni shemeji yangu, anashona magodoro."

"Akasemaje?"

"Akaniambia, nyamaza, tiketi za utambulisho zimeshauzwa. Akaniuliza, kwani nani kakwambia mchezaji lazima acheze?"

Mwalami akashika kichwa. "Na Mwanamkasi?"

"Amejifungia. Shekhe Mahadhi amekwenda mlangoni asubuhi kumwuliza mahari yake ni nini, apate kuandika. Hakujibu. Akaulizwa tena, kimya. Mara ya tatu akasema kwa ndani, hilo nitalijibu kaka yangu akiwa amesimama hapo." Ramia akainamisha macho. "Na mimi nashukuru hajajibu, shemeji. Akitaja chochote, hata kanga doti moja, mimi sina. Tangu nivae hiyo suruali uliyovaa wewe sijaona shangwe ya Ngurumo. Nimemwomba mwenyekiti japo mshahara wa mwezi mmoja nioe. Amesema klabu iko katika kipindi cha kujibana."

Mwalami akawatazama wale kamba, akaitazama keki yenye sura yake.

"Kujibana," akasema.

"Ndivyo alivyosema. Na kesho adhuhuri ndiyo saa ya utambulisho wako uwanjani. Utatolewa ndani ya yai kubwa la karatasi, pamoja na moshi."

"Na nikitoka kwenye yai, ndoa?"

Ramia akatikisa kichwa.

Fundi magodoro hana elimu ya fedha, lakini anajua jambo moja: sufi ukiikandamiza huku hutokea kule. Usiku huo Mwalami alijilaza chali akawaza. Siku mbili nzima alikuwa akisema hapana, na kila hapana ikawa inamfungia mlango kwa kufuli la bei kubwa zaidi. Ukweli amekwisha kuusema wote, hakuna aliyeununua. Basi asubuhi Shomvi alipoingia na mkataba na kalamu ya dhahabu ya kukodi, Mwalami alikuwa ameketi wima, uso umeoshwa.

"Mheshimiwa," akasema, "neno langu la mwisho juu ya mkataba nitalisema leo."

"Allahu akbar!"

"Lakini nitalisemea mahali pamoja tu. Mlangoni kwa dada yangu, nikishamwozesha. Kwetu hatushiki kalamu kabla ya ndoa."

Mhazini akashika bilauri. Mwenyekiti akatembea kutoka ukuta hadi ukuta. Uwanja umejaa, yai limeshapakwa rangi, moshi umeshalipiwa malipo ya awali. Lakini akakumbuka Ubwa wa Tufani na saruji yake.

"Tarumbeta!" akaita. "Harusi ya huyu mtu tunaifanya ndiyo utambulisho. Hamisha uwanja!"

Mnaona, wajukuu zangu? Ndoa ambayo fundi aliiomba kwa machozi haikupatikana. Alipoifanya iwe sharti la mkataba, ikaletewa pikipiki za kusindikiza.

Uwanja mzima ukahamia mtaani kwa Mwanamkasi. Walikuja wenye tiketi na wasio na tiketi, walikuja wauza karanga, ikaja bendi ya polisi, likaja yai juu ya lori maana lilikuwa limelipiwa. Lori lilikwama kwenye kona, wakakibomoa kibaraza cha mtu, na mwenye kibaraza akashangilia kwa kuwa alikuwa Ngurumo. Ubwa naye akaja na gari lake wazi, msafara wa Tufani nyuma yake, wakitumaini kumwiba mtu hata kwenye mkeka wa ndoa. Kina mama waliokuwa wakipika wali wa wageni hamsini waliinua macho, wakaona nchi nzima inaingia, mmoja akasema tu, "Ongezeni maji kwenye mchuzi."

Mwalami akateremka, bado na traksuti, mto mmoja uliosalia kwapani. Watu wakampisha. Akapita chini ya turubai, akampita Ramia aliyeketi mkekani kwa kanzu ya kuazima, akafika mlango wa chumba cha bi harusi. Shekhe Mahadhi alikuwa pale, mzee mfupi mwenye subira iliyokwisha kufika ukingoni.

"Mwanamkasi," Mwalami akaita. "Mwanangu, nimefika."

Sauti ikatoka ndani, "Peke yako, kaka?"

"Na Wananderemo wote."

Ndani kikasikika kicheko, na ndani ya kicheko pua iliyovutwa ya mtu aliyekuwa akilia tangu Alhamisi.

"Bi harusi," shekhe akasema, "walii wako huyu hapa amesimama. Nimekuuliza tangu jana na leo nakuuliza tena. Mahari yako ni nini?"

Kabla hajavuta pumzi, Shomvi akadakia. "Mahari? Hilo ndilo linalochelewesha saini? Ngurumo italipa! Milioni kumi!"

"Tufani ishirini!" Ubwa akapaza sauti kutoka juu ya kiti cha gari lake.

"Hii ni ndoa," shekhe akasema, "si mnada wa samaki."

Nani alimsikia? Tarumbeta alikwisha kushika kipaza sauti. "Ishirini kutoka Tufani! Ngurumo mnakubali kudhalilishwa?"

"Hamsini na nyumba!" akalia Shomvi.

"Nyumba mbili na lifti!"

"Mheshimiwa," mhazini akanong'ona, "kwenye sanduku la klabu kuna spana ya basi tu."

"Kimya wewe! Mia moja na ndege!"

Watu wakaanguka na kuzimia kwa raha. Kila tarakimu ilipigiwa vigelegele, bendi ya polisi ikapiga ubeti wa sabuni, yai likatoa moshi bila mtu kuliagiza. Ramia alikuwa ameinamisha kichwa mkekani, mikono yake mirefu imeshikana, kila milioni inampita juu kama mpira wa kona asioweza kuufikia. Waajiri wake wanamtolea mahari, na yeye nauli ya kurudi kwake hana.

Mwalami akamwona. Hofu ikamshika, kubwa kuliko ile ya hotelini. Binti aliyemlea yuko nyuma ya ubao huu, anasikia ndege na nyumba zinatajwa, na mtu wake hana hata kanga. Akaugonga mlango kwa kiganja, mara moja, kwa nguvu, mpaka bendi ikanyamaza.

"Mwanamkasi, umewasikia. Mahari ni haki yako wewe, si yangu, si ya shekhe, wala si ya klabu. Mimi nimesimama hapa kama ulivyotaka. Taja mwenyewe."

Shomvi alikuwa ameinua kidole tayari kupandisha, Ubwa ameinua chake. Kitasa kikageuka, mlango ukafunguka kiasi cha uso, na Mwanamkasi akawatazama watu wote wale, akamtazama kaka yake, akamtazama mwenyekiti, na mwisho akamtazama Ramia pale mkekani, akatabasamu.

"Andika, shekhe," akasema. "Sitaki nyumba, sitaki ndege. Nataka mshahara wa Ramia wa Ngurumo, wa mwezi mmoja. Mmoja tu. Taslimu."